Je, wajua kwa nini anwani ya ukurasa si jina la faili?

Fungua gazeti lolote mtandaoni, gusa kichwa cha habari, kisha tazama juu kwenye anwani. Baada ya jina la tovuti huenda ukakuta kitu kama /habari/2024/mafuriko/. Ukiisoma hivihivi utadhani kwamba ndani ya kompyuta ya gazeti hilo kuna folda iitwayo habari, ndani yake folda ya 2024, na humo limehifadhiwa faili la mafuriko. Siku hizi, aghalabu hakuna hata folda moja kati ya hizo. Seva, yaani kompyuta inayohudumia tovuti, inajuaje basi ikuletee nini?

Zamani dhana hiyo ilikuwa sahihi. Wavuti ilipoanza kule CERN, maabara ya fizikia huko Ulaya, mwanzoni mwa miaka ya 1990, anwani kwa kawaida ilikuwa njia ya kulifikia faili kwenye diski. Faili lipo, unapewa. Halipo, unapata 404, namba ya kosa inayosema ukurasa haukupatikana. Mwaka 1993, NCSA, kituo cha kompyuta katika Chuo Kikuu cha Illinois, ikaleta utaratibu wa CGI, ambapo seva iliweza kuendesha programu na kukupa majibu yake. Hata hivyo anwani iliendelea kutaja faili, safari hii faili la programu, na nyuma yake ukaning'inia mkia: habari.cgi?id=4821. Msomaji haambiwi chochote na anwani ya namna hiyo.

Mfano ninaoupenda wa jinsi mambo yalivyobadilika unatoka chumba cha habari. Mwaka 2003, katika gazeti la mji wa Lawrence, jimbo la Kansas nchini Marekani, Adrian Holovaty na Simon Willison walianza kujenga Django, mfumo wa kuundia tovuti kwa lugha ya programu ya Python. Ulitolewa kwa umma Julai 2005. Ndani yake anwani zote zinaandikwa kwenye orodha, kwa kawaida katika faili la urls.py, na kila mstari unasema: anwani ya umbo hili, ipeleke kwa fanksheni ile (kipande cha programu chenye kazi yake maalumu).

path("habari/mpya/", habari_mpya)
path("habari/<int:mwaka>/", habari_za_mwaka)
path("habari/<slug:mada>/", habari_za_mada)

Sasa fuatilia ombi moja. Kivinjari kinatuma mstari unaoanza na GET /habari/2024/. (Kama anwani ina alama ya reli, #, kila kilicho baada yake hubaki kwenye kivinjari chako, seva haikioni kabisa.) Django inaondoa mkwaju (/) wa mwanzo, inashika orodha na kuipitia kutoka juu kwenda chini. Mstari wa kwanza unataka neno "mpya", haufai. Wa pili unataka namba nzima, na 2024 ni namba. Hapo inasimama. Inaichomoa 2024, inaigeuza kutoka maandishi kuwa namba nzima, kisha inaikabidhi kwa fanksheni habari_za_mwaka, ambayo inakwenda kwenye hifadhidata na kuupika ukurasa papo hapo.

Nimesema inasimama, na hapo ndipo wanaojifunza huteseka. Mstari wa tatu unapokea neno lolote lenye herufi, tarakimu na vistari. Uhamishie juu kabisa, nao utameza kila kitu: "mpya" itachukuliwa kuwa mada, 2024 nayo itakuwa mada, na mistari miwili ya chini haitafikiwa kamwe. Hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea kukuonya kuhusu mpangilio. Utakaa saa nzima ukikagua fanksheni isiyo na kasoro, kumbe haijaitwa hata mara moja. Ndiyo maana mistari mahususi hutangulia, ile ya jumla ikafuata.

Orodha hii ya Django hutazama njia tu, haijali kama ombi ni GET la kusoma au POST la kutuma fomu. Hilo huamuliwa na fanksheni. Mifumo mingine, kama Laravel na Express, huandika aina ya ombi kwenye mstari wenyewe.

Faida yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Anwani ikishatengana na faili, unaweza kuhamisha msimbo, kubadili hifadhidata, hata kuacha lugha ya programu uliyoanza nayo, na msomaji asijue. Django inakuruhusu pia kuupa kila mstari jina, ili kurasa zako ziunde viungo kwa kutumia jina hilo. Ukibadili "habari" kuwa "taarifa" kwenye orodha, viungo vilivyoundwa hivyo hubadilika vyenyewe.

Kiungo ambacho mtu alikwisha kukituma kwenye kundi la WhatsApp mwaka jana hakibadiliki. Kwa ajili yake unaiacha anwani ya zamani kwenye orodha, ukiielekeza kwa fanksheni fupi inayojibu kwa namba 301, yaani ukurasa umehama kwa kudumu, pamoja na anwani mpya. Kivinjari kinaifuata chenyewe.