Kelele Haipimwi kwa Wati

Mchoro mwingine umefika mezani kwangu na maelezo yale yale: "Upande wa dijitali ni CMOS ya kawaida, unakula umeme kidogo, hautaisumbua analogi." Jamani! CMOS ndiyo saketi ya kawaida ya chipu za dijitali, na mita inakuonyesha wastani wa mkondo wake. Kigeuzi cha biti 14, kinachogeuza volteji ya analogi kuwa namba, kilichokaa kwenye silikoni hiyo hiyo, wastani hakiujui. Kinachokipata ni mshtuko.

Geti la CMOS, saketi ndogo ya ndiyo au hapana, likitulia halivuti karibu chochote. Likigeuka hunyonya mkondo kwa mkupuo, na maelfu hugeuka pamoja kwenye ukingo mmoja wa saa, yaani mapigo yanayoongoza chipu. Chukua waya wa bondi, unaounga chipu na pini zake, wa nanohenri 5, mkondo uongezeke miliampea 20 ndani ya nanosekunde 1: ardhi yako, ile volti sifuri ya chipu, imeruka milivolti 100. Kigeuzi chenyewe, kwa upana wa volti 1, hatua yake moja ni mikrovolti 61. Hicho ndicho kidogo chenu?

Mantiki ya kuelekeza mkondo, namna nyingine ya kujenga mageti, huenda kinyume. Kila geti lina chanzo cha mkondo kisichozimwa, na ishara mbili zinazopingana huamua tu upite mkono wa kulia au wa kushoto, kama maji ya mfereji wa shamba yanavyogeuzwa njia bila kufungwa. Volteji huyumba milivolti mia tatu, mia nne hivi. Si habari mpya: David Allstot na wenzake walilinganisha aina yake moja na CMOS mwaka 1993, kwa ajili ya chipu za namna hii hasa. Na inakula! Mageti 10,000, kila moja mikroampea 10, ni miliampea 100 mchana na usiku, hata chipu isipofanya kazi yoyote. Lenye ulafi ndilo lenye utulivu. Ndiyo maana mimi huiweka kwenye vigawanya-saa (saketi zinazopunguza kasi ya mapigo) na mageti yanayoamuru swichi za sampuli, zile zinazonasa volteji ili kigeuzi kiipime, basi.

Pete ya ulinzi kuzunguka analogi? Kwenye sabstreti, silikoni ya msingi wa chipu, iliyokolezwa sana ikapitisha umeme kirahisi, chini ya tabaka jembamba la silikoni lililooteshwa juu yake (epi), kelele hushuka, hupita chini ya pete na kuibukia kwa jirani. Kapasita kubwa ndani ya chipu ya kutuliza umeme? Pikofaradi 200 na ule waya wa nanohenri 5 huvuma pamoja karibu na megahezi 159. Angalia kasi ya saa ya chipu yako iko wapi kabla ya kushangilia.

Vitabu huchora mkondo wa geti la kuelekeza mkondo kama mstari ulionyooka. Haujanyooka. Kila geti linapogeuka, nodi ya pamoja juu ya chanzo, pale mikono miwili inapokutana, hushuka volteji kidogo, kapasitansi yake hudai chaji, na transista mbili pacha hazifanani kamwe. Simuleta hunipa namba ya kelele inayobaki, nami siiamini. Modeli ya sabstreti ndiyo inayoniacha na mashaka. Kwa hiyo mimi huchukua sampuli kabla tu ya ukingo wa saa ya dijitali, mageti yakiwa yametulia, hata pale nilipokwisha kulipia miliampea zote hizo.