Uvamizi wa njia ya kurukia ndege: ukungu si sehemu ya maana yake

Asubuhi ambazo mvua ya ziwani inafunika kiwanja cha ndege cha Mwanza na ndege ya kutoka Dar es Salaam inachelewa, mazungumzo ya abiria na wasindikizaji hayakawii kufika kwenye ajali, na kila ajali iliyotokea karibu na kiwanja katika hali mbaya ya hewa huitwa uvamizi wa njia ya kurukia. Hata ile ndege iliyoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ikaua watu 19, nimeisikia ikiwekwa katika kundi hilo mara nyingi kiasi cha kuona ni lazima maana ya dhana hii iandikwe.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linaueleza uvamizi wa njia ya kurukia kuwa ni tukio lolote kiwanjani ambapo ndege, gari au mtu amekuwapo isivyo sahihi katika eneo linalolindwa la njia iliyotengwa kwa ajili ya ndege kutua na kuruka. Maana hiyo haitaji mgongano, haitaji vifo, na haitaji ukungu. Ndege inayoserereka ikatoka nje ya njia ni jambo jingine kabisa, na halihitaji maelezo marefu hapa.

Kinachostahili maelezo ni ukungu, kwa sababu ndio unaopewa lawama zote. Tarehe 8 Oktoba 2001, katika kiwanja cha Linate mjini Milano, Italia, ukungu ulikuwa mzito kweli, na ndege ndogo aina ya Cessna iliyotakiwa kupita katika barabara ya maungio ya R5, yaani barabara ya ndege kutembelea ardhini, ilishika R6, inayokata njia ya kurukia. Rubani wake alitaja kwa redio kwamba anakaribia alama ya S4, alama ambayo mwongoza ndege hakuijua, na mnarani hapakuwa na rada ya ardhini inayofanya kazi ambayo ingeonyesha kwamba ndege hiyo haiko inakodhaniwa. Ndege ya abiria ya SAS, shirika la ndege la nchi za Skandinavia, iliyokuwa na ruhusa halali ya kuruka, ikaigonga, na watu 118 wakafa, wakiwamo wanne waliokuwa kazini katika jengo la mizigo. Ukungu haukuipeleka Cessna mahali pale. Iliingia huko kwa barabara iliyokosewa, alama zisizoeleweka na mnara usioona. Ukungu uliwanyima marubani nafasi ya mwisho ya kuliona kosa ambalo tayari lilikuwa limetimia, na uvamizi ulikuwa umekamilika kabla ndege hizo hazijagusana.

Anayebisha aitazame Haneda, Tokyo, tarehe 2 Januari 2024. Ulikuwa usiku usio na ukungu. Ndege ya walinzi wa pwani, iliyobeba misaada ya waathirika wa tetemeko la ardhi la siku iliyotangulia, iliagizwa isogee hadi mahali pa kusubiri na ikaelezwa kwamba ni ya kwanza katika foleni. Ikaingia njia ya kurukia na kusimama hapo kwa sekunde kama 40, hadi ndege ya Japan Airlines ilipotua juu yake. Watu watano kati ya sita waliokuwa katika ndege ile ndogo walikufa, na wote 379 wa ile kubwa walitoka salama. Huo ni uvamizi kamili, bila hata chembe ya ukungu.

Mfano unaotajwa kuliko yote, wa Tenerife, katika Visiwa vya Kanari vya Hispania, tarehe 27 Machi 1977, ambapo ndege mbili za abiria ziligongana na watu 583 wakafa, nao unatakiwa kusimuliwa kwa uangalifu. Ndege zote mbili zilikuwa zimeruhusiwa kuwa juu ya njia ile: ya Pan Am, shirika la Marekani, ilikuwa ikitembea humo kutafuta mahali pa kutokea, na ya KLM, shirika la Uholanzi, ilikuwa imejipanga mwisho wa njia. Kosa lilikuwa kwamba KLM ilianza kukimbia ili iruke kabla haijapewa ruhusa ya kuruka, huku wingu lililotanda kiwanjani likizifanya zisionane. Baada ya hapo taratibu za mawasiliano zilibadilishwa, na neno la Kiingereza “takeoff”, yaani kuruka, likaachwa litumike pale tu ruhusa yenyewe inapotolewa au kufutwa.

Kwa hiyo ajali ya Bukoba haimo katika kundi hili, kwa kuwa hakukuwa na kitu juu ya njia kilichoizuia ndege ile. Ilianguka majini ikiwa inakaribia kutua, na ni sahihi zaidi kuisema hivyo. Na ikitokea jua linawaka, ndege inashuka kutokea upande wa ziwa, kisha inapaa tena bila kutua kwa sababu kuna gari limeingia kwenye njia bila ruhusa ya mnara, msiseme kwamba hakuna kilichotokea: huo ndio uvamizi wa njia ya kurukia, na unapaswa kuripotiwa kwa jina hilo.