Kuzima swichi kuu hakuilindi betri ya boti iliyopandishwa pwani

Kila mwaka kusi linapokolea, na boti za uvuvi wa kitalii za Watamu, Malindi na Shimoni zinapopandishwa nchi kavu, wenyewe hunipa maneno yale yale: "Swichi kuu nimeizima, betri haina shida." Miezi mitatu baadaye huniita kwa sababu mashine haigeuki, na wengi hushikilia kwamba waliuziwa betri mbovu.

Swichi kuu haikati kila kitu. Katika boti nyingi, pampu ya ngama inayojiwasha, ile inayotoa maji yanayokusanyika chini ndani ya boti, imeungwa moja kwa moja kwenye betri bila kupitia swichi hiyo, tena kwa makusudi, ili boti iliyo nangani isizame mwenyewe akiwa amelala. Mara nyingi king'ora cha wezi, kifaa cha kufuatilia boti na redio ya muziki, ambayo huhitaji umeme kidogo ili isisahau stesheni zake, navyo huchukua umeme hapo hapo. Vifaa vinavyovuta miliampea 50 tu hula ampea-saa 1.2 kwa siku, yaani 108 kwa siku 90, na betri nyingi za kuwashia mashine hazifiki ampea-saa 100. Mvua ikiikuta boti ambayo kizibo chake cha ngama hakikutolewa, pampu nayo huanza kazi, na hata pampu ndogo huvuta takriban ampea 3. Nimekuta swichi ya kuelea, ile inayoiwasha pampu maji yakipanda, imenaswa na jani la mkungu, pampu ikazunguka pakavu hadi betri ikaisha kabisa.

Mwenye shaka na achukue mita. Azime swichi kuu, afungue waya wa hasi, aiweke mita upande wa ampea, kisha aiunganishe baina ya waya huo na kichwa cha betri. Namba itakayotokea ndiyo inayoimaliza betri yake usiku na mchana. Dawa yake ni spana: waya wa hasi hufunguliwa kwanza, wa chanya hufuata, na wakati wa kurudisha chanya hutangulia. Haya yafanywe boti ikiwa nchi kavu na kizibo kimetolewa, kwa maana boti iliyo majini haikatiwi umeme wa pampu hata siku moja.

Hata betri iliyofunguliwa hupungua yenyewe. Ile ya kuongezwa maji hupoteza kama asilimia 5 kwa mwezi kwenye joto la nyuzi 25, na joto likipanda nyuzi 10 upotevu huo hukaribia kuwa maradufu, kwa hiyo betri iliyoachwa chini ya turubai juani huisha mapema kuliko iliyohifadhiwa stoo yenye hewa. Ipimwe kila mwezi: volti 12.6 au zaidi imejaa, na ikifika 12.4 ichajiwe bila kungoja, kwa sababu chini ya hapo salfeti, yaani chumvi ya risasi, huganda kwenye bamba zake na uwezo unaopotea hivyo haurudi wote.

Wapo pia wanaoamini kwamba kuwasha mashine dakika kumi kila wiki kunatosha. Mashine inayonguruma taratibu huzalisha ampea chache tu, na ikiwashwa nchi kavu bila kuungiwa mpira wa maji, impela, yaani gurudumu la mpira linalosukuma maji kwenye pampu yake ya kupoozea, huungua upesi.

Wengine huogopa kuiweka betri chini kwenye saruji, lakini sakafu ya saruji hainyonyi umeme wa betri za leo, zenye ganda la plastiki. Kinachovujisha ni chumvi na unyevu uliotanda juu ya betri kati ya vichwa viwili, basi pafutwe pakauke. Vilevile betri ambayo maji yake yamepungua haiongezwi asidi, bali maji ya betri peke yake, kwa kuwa kilichopotea ni maji.

Kwa maegesho yasiyo na umeme wa uhakika, mimi hushauri paneli ya sola ya wati 10 au 20, na sikubali kuifunga bila kontrola, kifaa kinachozuia betri isichajiwe kupita kiasi. Paneli ya volti 12 isiyo na kontrola inaweza kuipandisha betri iliyojaa kupita volti 15 juani, na kwa wiki nyingi maji yake hukauka hadi bamba zikabaki wazi.