Je, wajua kwa nini picha za Ajanta hubanduka kabla rangi haijapauka?

Mapango ya Ajanta, jimbo la Maharashtra nchini India, yapo takriban 30. Yalichongwa kwenye mwamba wa basalti kwa ajili ya watawa wa Kibuddha, mengine karne ya 2 KK, mengine karne ya 5 BK. Katika pango namba 10 stupa, yaani kuba la ibada la Kibuddha, ni mwamba uleule uliobakizwa wakati wa kuchonga, na kuta na nguzo zinazoizunguka zilijaa picha.

Rangi zenyewe ni imara. Nyekundu na njano ni udongo wenye madini ya chuma, nyeusi ni masizi, nyeupe ni chokaa au udongo mweupe. Bluu ya mapango ya baadaye ni jiwe la lapisi lazuli kutoka Afghanistan. Kinachoponza picha ni lipu iliyo chini yake.

Fundi hakulainisha ukuta. Aliacha alama za patasi ili lipu ipate pa kushika, kisha akakandika udongo uliochanganywa na mchanga, pumba za mpunga na nyuzi za mimea. Juu yake alipaka tabaka laini zaidi, akamalizia na chokaa nyembamba. Yote yalipokauka, ndipo akachora mistari kwa rangi nyekundu na kujaza rangi zilizochanganywa na gundi. Angechora chokaa ikiwa bado mbichi, ingeinywa rangi na kuishika. Hapa iliyoshika ni gundi tu. Ndiyo maana kuosha ukuta kwa maji ni kuuharibu.

Masika mwamba huvujisha maji kwenye nyufa, udongo unavimba. Kiangazi unasinyaa, lipu inaachana na jiwe. Ukiigonga taratibu kwa kidole utasikia mlio wa kitu chenye uwazi ndani. Mbaya zaidi, nyuzi zilizowekwa ili udongo usipasuke zimekuwa chakula cha wadudu.

Tiba nazo zilileta madhara. Wachoraji waliokuja kunakili picha hizo karne ya 19 walipaka vanishi ili rangi zing’ae, na wataalamu wa Italia walioletwa mwaka 1920 wakatumia shelaki, utomvu unaotolewa na wadudu. Vyote viligeuka njano na kushika vumbi, na wahifadhi wanaviondoa kwa viyeyushi, kipande kwa kipande.

Katika mapango mengine ya Ellora, kama kilomita 100 kutoka hapo, lipu ya udongo haikuliwa sana na wadudu. Mwaka 2016 watafiti wa India walieleza kwamba mafundi wa huko walichanganya udongo na bangi.