Maandamano ya Umma: Yanatokana na Nini, na Yanajengaje Demokrasia?

Maandamano ya umma ni watu wengi kujitokeza hadharani kwa pamoja ili kuishinikiza serikali ibadili jambo ambalo njia za kawaida zimeshindwa kulibadili. Uzito uko hapo mwishoni. Ugumu wa maisha peke yake hautoshi, kwani watu huvumilia bei za juu na kodi miaka nenda miaka rudi. Huingia barabarani wanapoona kura, bunge na mahakama vimewafungia, na wanapoamini kwamba wenzao nao watatoka. Anayetoka peke yake hukamatwa tu.

Tazama Kenya. Mwaka 1982 Kifungu cha 2A cha katiba kiliifanya KANU, chama tawala, kuwa chama pekee halali. Mwaka 1988 uteuzi wa wagombea ukafanywa kwa mlolongo: wapiga kura walijipanga nyuma ya mgombea wao mchana kweupe, kila mtu akiona mstari upi ni mrefu, na bado kuna wenye mistari mifupi waliotangazwa washindi. Aliyepewa asilimia 70 ya waliojipanga alipita bila kupingwa katika uchaguzi wenyewe. Kwa maoni yangu, mlolongo uliwaumiza Wakenya kuliko hata uchumi, maana waliibiwa kura wakiwa wamesimama pale pale.

Mei 1990 mawaziri wa zamani Kenneth Matiba na Charles Rubia walidai vyama vingi, kisha mkutano ukaitishwa uwanja wa Kamukunji, Nairobi, tarehe 7 Julai. Serikali iliupiga marufuku na kuwatia wawili hao kizuizini siku chache kabla. Watu walikwenda hata hivyo. Polisi wakafyatua risasi, watu wakauawa, mamia wakakamatwa, na ghasia zikasambaa hadi miji mingine. Hiyo ndiyo Saba Saba.

Chama kimoja hakikuangushwa na siku hiyo pekee. Wanasheria na viongozi wa dini walikuwa wakipaza sauti, na Novemba 1991 wafadhili waliokutana Paris walisitisha misaada mipya. Mwezi uliofuata Kifungu cha 2A kikafutwa. Hata hivyo sikubaliani na wanaowapa wafadhili sifa yote. Waliokwenda Kamukunji ndio walioonyesha kwamba utulivu uliokuwa ukisifiwa ulikuwa hofu.

Kufungua siasa hakukuwa kumaliza kazi. Upinzani uligawanyika, na Desemba 1992 Rais Daniel arap Moi wa KANU akashinda kwa takriban asilimia 36 ya kura. Mwaka huo huo akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wakiwa na mwanaharakati Wangari Maathai, waligoma kula katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, wakidai wana wao, wakapigwa na polisi. Mwaka 1997 maandamano yalirudi, safari hii yakidai mageuzi ya katiba kabla ya uchaguzi.

Katiba mpya ilipatikana 2010, na Ibara ya 37 inampa kila mtu haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Juni 2024 vijana waliopinga Mswada wa Fedha, uliolenga kuongeza kodi, waliitegemea ibara hiyo. Rais William Ruto alikataa kuutia saini mswada huo, lakini makumi ya watu waliuawa katika maandamano hayo, na familia zao zikaachwa zikidai haki.