Nishati iliyokosekana: usisafishe nusu

Mwanafunzi wa fizikia wa UDOM akifungua data za wazi za mwaka 2016 za CMS (kigunduzi cha chembe kwenye LHC, mashine ya CERN inayogonganisha protoni), atakuta matukio ya chembe Z inayozaa myuoni mbili (chembe kama elektroni, ila nzito zaidi), yasiyo na neutrino (chembe zinazotoroka kigunduzi bila kuonekana), yakionyesha nishati iliyokosekana ya GeV 20 au zaidi. Hakuna kilichotoroka. Kipimo hiki ni jumla ya vekta za momenta zinazokingama na mhimili wa miali, iliyogeuzwa ishara, kwa hiyo kosa la kila chembe linaingia humo.

Vifurushi vya protoni vya LHC hupishana kila nanosekunde 25, na kila kupishana huzaa migongano mingi kwa pamoja. LHC iliyoboreshwa imepangiwa hadi migongano 200 kwa kila kupishana. Upana wa kosa hukua takriban kwa kipeuo cha pili cha idadi hiyo.

Chembe zenye chaji ni rahisi: njia zake huonyesha zilikotoka, nawe unatupa zisizotoka kwenye mgongano mkuu. Wengi huishia hapo, na kipimo kinaharibika zaidi. Mgongano wa ziada huwa karibu umejisawazisha wenyewe. Ukiondoa chembe zake zenye chaji ukaacha fotoni na hadroni zisizo na chaji (kama nyutroni), umevunja mizani uliyoikuta.

PUPPI, mbinu ya kusafisha migongano ya ziada, hutibu hilo kwa kuipa kila chembe isiyo na chaji uzito kati ya 0 na 1. Ni kama mgeni asiye na barua ya mjumbe: wanaulizwa majirani. Ndani ya duara la nusu kipenyo 0.4 (kwa umbali wa kipembe), momenta ya kila jirani mwenye chaji aliyetoka mgongano mkuu hugawanywa kwa umbali wake, na miraba ya majibu hayo hujumlishwa, kisha jibu hulinganishwa na lile la chembe za migongano ya ziada. Nje ya eta 2.5 (eta hupima pembe kutoka mhimili wa miali; ikikua, chembe iko karibu zaidi na mhimili) hakuna njia za chaji, hivyo majirani wote huhesabiwa na hukumu hulegea.

Kwa majaribio, soma safu chache kwa uproot, maktaba ya Python (MET ni nishati iliyokosekana: PuppiMET_pt, MET_pt, PV_npvs, Flag_METFilters na za myuoni) badala ya kumaliza bando kwa faili zima. Pima msukumo wa hadroni (jumla ya vekta za momenta za chembe zote isipokuwa myuoni mbili) sambamba na momenta ya Z, ugawanye upana wake kwa wastani wa mwitikio, yaani uwiano wa msukumo huo kwa momenta ya Z. Usipogawanya, mbinu inayotupa kila kitu itaonekana bora kuliko zote, maana upana wake ni sifuri.