Nyota Akishika Ubao: Yanayosemwa Barazani na Yaliyo Kweli

Fainali za NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, huanza saa tisa na nusu usiku kwa saa za Tanga. Wengi huwa wamelala. Asubuhi kahawa inapomiminwa mtaani Ngamiani, walichokiona ni vipande vya dakika mbili tatu kwenye simu: mpira umedundwa, kikapu kimefungwa, halafu uso wa kocha. Hapo ndipo hukumu za tabia zinapoanza. Huyu ana kiburi, yule mpole mno, huyo wa tatu hana habari na timu. Kocha akiwa mchezaji mkubwa wa zamani ndiyo balaa, maana kila mtu ana kumbukumbu zake za ujana wake.

"Kasimama kimya, kakunja mikono. Kazi wanafanya wasaidizi wake."

Anayesemwa hivi zaidi ni Larry Bird, nyota wa zamani wa Boston Celtics. Alipoichukua Indiana Pacers mwaka 1997 hakuwa amewahi kufundisha timu yoyote. Pacers walikuwa wametoka kwenye msimu wa kushinda mechi 39 na kupoteza 43. Chini yake wakashinda 58 na kupoteza 24, naye akapewa tuzo ya kocha bora wa msimu. Ni kweli kwamba mashambulizi aliyashika Rick Carlisle na ulinzi ukashikwa na Dick Harter. Wanaolitaja hilo kama aibu hawajui benchi linavyofanya kazi. Bird alijua asichokijua, akawapa wanaokijua, akabaki na yale asiyoweza kumwachia mtu: nani aanze, nani akae, na nidhamu. Kuna safari ambayo ndege ya timu iliondoka kwa saa yake ikawaacha wachezaji wawili waliochelewa. Mpole gani huyo?

Kimya chenyewe kina sababu ya kiufundi. Timu ikishika mpira ina sekunde 24 za kutupa, na 8 kati ya hizo ndizo za kuvuka nusu ya uwanja. Mchezeshaji anayeitwa jina kila mara hugeuza shingo kutazama benchi, na akigeuza shingo hamwoni mlinzi anayemnyemelea upande wa pili. Akishaelewa alichoambiwa, sekunde nne zimekwenda na wenzake wamesimama kama wanaosubiri daladala. Ndiyo maana makocha wengi hutumia neno moja au vidole vilivyoinuliwa, kwa mchezo uliokwisha kurudiwa mazoezini mara nyingi. Kocha anayefoka robo nzima ya mchezo huenda anafundisha Jumamosi jambo lililotakiwa kuisha Jumanne.

Husemwa pia kwamba Bird "alikimbia" mwaka 2000 baada ya kufungwa na Los Angeles Lakers mechi 4-2 kwenye fainali. Alisema tangu anaanza kwamba atafundisha miaka mitatu tu. Miaka mitatu ikaisha, akaondoka.

"Bingwa huambukiza ubingwa."

Kwa hili mtazame Bill Russell, kwa sababu yeye ni jaribio lililofanywa mara tatu kwa mtu mmoja. Kuanzia 1966 alikuwa mchezaji na kocha wa Boston Celtics kwa wakati mmoja, kocha mkuu wa kwanza mweusi katika NBA. Msimu wa kwanza Philadelphia 76ers walimtoa. Mwaka 1968 na 1969 akachukua ubingwa. Baadaye akafundisha timu ya Seattle SuperSonics kwa misimu minne tangu 1973, akaifikisha hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza katika historia yake mwaka 1975, lakini kombe hakuna. Kisha Sacramento Kings, msimu wa 1987-88: ushindi 17, vipigo 41, akaondolewa benchi na kupelekwa ofisini.

Mtu ni yule yule, ukali ni ule ule na kile kicheko chake kikubwa hakikubadilika. Tofauti ni kwamba kule Boston kocha alikuwa na mchezaji wa kati aitwaye Bill Russell, na Sacramento hakuwa naye.

"Magic Johnson alishindwa kwa sababu ya kucheka na kila mtu."

Watu wa Tanga wana msemo wao, waja leo waondoka leo. Ukocha wa Magic, nyota wa zamani wa Lakers, ulikuwa wa namna hiyo. Aliingia Machi 1994, Lakers wakiwa wameshinda 28 na kupoteza 38. Akafundisha mechi 16, akashinda tano katika sita za mwanzo, akapoteza kumi zilizofuata. Hakuwa na maandalizi ya msimu wala hakuchagua wachezaji. Mechi 16 hazikupi tabia ya mtu, zaidi zinakupa ratiba.

"Jason Kidd ni mhuni." "Hapana, ni mjanja kupindukia."

Pande zote mbili hushikilia kisa kimoja cha Novemba 2013, Kidd, mchezeshaji nyota wa zamani, akiwa kocha wa Brooklyn Nets dhidi ya Lakers. Sekunde chache zimebaki, Nets wako nyuma, na taimauti, yaani nafasi za kusimamisha mchezo ili kocha aongee na timu, zimewaishia. Kidd akagongana na mchezaji wake akiwa na kikombe mkononi, kinywaji kikamwagika uwanjani. Wakati sakafu inapanguswa, benchi likapata nafasi ya kuchora mchezo. Mtupo uliotokana na mchoro huo haukuingia, Nets wakafungwa 99-94, na ligi ikamtoza faini ya dola 50,000 kwa kumwaga makusudi.

Ubishi hubaki kwenye kikombe, wakati swali la ukocha lilikuja kabla yake: taimauti zote zilitumika wapi hata dakika ya mwisho ikafika mkono mtupu? Hilo ndilo kosa la kocha mchanga, na ndilo linalorekebishika. Mwaka 2024 mtu huyo huyo aliifikisha Dallas Mavericks fainali, ingawa Boston waliwafunga 4-1.

"Nyota hana subira, kwa hiyo hawezi kufundisha."

Hapa kuna nusu ya ukweli, ila nusu hiyo imewekwa pasipo pake. Shida ya nyota ni kwamba mwili wake ulifanya mambo kabla kichwa hakijayapa majina.

Chukua kumziba mpinzani baada ya mtupo, ili asiuwahi mpira uliokosa kikapu. Mpira ukitoka mkononi mwa mtupaji, usiufuate kwa macho, mtafute mtu wako. Mguse kwanza kwa mkono uliokunjwa. Geuka kwa mguu mmoja umpe mgongo. Shusha nyonga mpaka umsikie amekuegemea, viganja viwe wazi usawa wa mabega. Hapo ndipo utafute mpira. Wengi hugeuka kabla ya kugusa, mpinzani akapita ubavuni. Wengine hukimbilia chini kabisa ya kikapu, na mtupo wa mbali ukigonga chuma hurudi juu ya vichwa vyao. Sasa mtu aliyekuwa na kimo na mruko hakuhitaji yote hayo, aliruka tu. Akiwaambia vijana "kautafuteni mpira!" anawapa hatua ya mwisho bila zile nne za mwanzo. Vijana wakikosea anakunja uso, na barazani watu wanasema ana roho mbaya. Dawa yake inajulikana: msaidizi aliyekuwa mchezaji wa kawaida, aliyelazimika kujifunza kila hatua kwa jasho.

Na subira peke yake haitoshi. Patrick Ewing, nyota wa zamani wa New York Knicks, alikaa miaka mingi kama kocha msaidizi kwenye NBA kabla ya kurudi chuoni kwake Georgetown mwaka 2017. Mwaka 2021 akachukua kombe la mashindano ya Big East, ligi ya vyuo anamochezea Georgetown. Msimu uliofuata hakushinda hata mechi moja kati ya 19 za ligi hiyo, na alipoondoka 2023 hesabu yake ilikuwa ushindi 75 na vipigo 109. Kocha wa chuo Marekani husajili pia, na mwaka 2021 wachezaji waliruhusiwa kuhama chuo mara moja bila kukaa nje msimu mzima. Kufundisha ni kazi moja, kuwazuia vijana wasiondoke ni nyingine.

"Bado dakika tatu, anapoteza taimauti. Amezubaa."

Hili husemwa sana hata kwenye viwanja vyetu, ambako sheria ni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia: robo nne za dakika 10, taimauti mbili kwa nusu ya kwanza na tatu kwa nusu ya pili. Zikibaki dakika mbili za robo ya nne, kocha hawezi kutumia zaidi ya mbili. Akifika hapo na tatu, moja imekufa. Kwa hiyo anayeomba taimauti dakika ya tatu kutoka mwisho yumkini anaiokoa. Tena kwa FIBA mchezaji hawezi kuomba. Huomba kocha mkuu au msaidizi wa kwanza mezani, na hupewa mpira ukiwa umesimama au mpinzani akifunga. Kwa NBA mchezaji mwenye mpira anaruhusiwa, na watu huchanganya sheria mbili hizi kila siku.

Anayetaka kumjadili kocha kwa haki achukue karatasi, aigawe safu nne. Ya kwanza: shambulio la kwanza baada ya kila taimauti, je, mtupaji alikuwa huru? Ya pili: mchezaji aliyefikisha faulo tatu kabla ya mapumziko alitolewa au aliachwa? Faulo tano unatoka, na ya tatu mapema ni hatari. Ya tatu: faulo za timu kwa kila robo, kwa kuwa kuanzia ya tano mpinzani hupewa mitupo huru miwili. Ya nne: taimauti zilizobaki dakika mbili za mwisho. Kama uwanja ni wa wazi, andika na upepo. Kusi ikivuma kutoka baharini, kocha anayepunguza mitupo ya mbali hajawa mwoga. Mechi moja haitoshi, andika tano, na angalau mbili ziwe za ugenini.